Mpanga Magari wa Kigongo Alivyorudi Nyumbani

Serikali ilijenga daraja la kilomita tatu kusudi mume wangu arudi nyumbani. Wengine watasema lilijengwa kwa ajili ya mabasi ya Bukoba na malori ya Geita, na mimi sibishani nao. Lakini siku ile ya Juni, nikiwa nimesimama pale Kigongo, watu wanapiga vigelegele na kuvuka kwa miguu huku wakijipiga picha, nilimtazama Okech wangu na koti lake la rangi ya chungwa, nikajiambia: Rozina, huyu sasa ni wako siku saba za wiki.

Alikuwa ametimiza miaka sitini mwezi huo huo. Kivuko kilisimama, naye akastaafu. Kwa miaka thelathini na nne kazi yake ilikuwa moja tu, kupanga magari kwenye kivuko cha Kigongo kwenda Busisi. Hakuendesha chombo, nahodha alikuwa juu huko kwenye kibanda chake. Okech alikuwa chini, kwenye mlango wa chuma, anaita gari moja moja na kuliambia likae wapi. Usidhani ni kazi ndogo. Lori la saruji ukiliweka pembeni, kivuko kinalala upande. Basi ukiliweka nyuma bila kitu cha kulisawazisha, pua inainuka. Yeye hakuwa na mzani wala karatasi. Alitazama matairi yalivyobonyea na springi zilivyokaa, akajua. Madereva waliomtukana asubuhi walimletea mkungu wa ndizi jioni.

Mimi niko Igombe, ufukweni, na biashara yangu ya dagaa. Yeye alilala kwenye nyumba za wafanyakazi Kigongo na kuja nyumbani siku mbili kwa wiki. Hivyo ndivyo tulivyolea watoto wanne, na nitasema kweli mbele ya Mungu: ndoa yetu ilikuwa na afya nzuri sana. Kwa siku mbili mtu anaweza kupika vizuri, kuvaa vizuri na kucheka kichekesho cha mumewe hata kama amekisikia mara ishirini. Siku saba ni habari nyingine.

Wiki ya kwanza alilala. Wiki ya pili akaanza kupanga nyumba.

Nilirudi kutoka kwenye chanja zangu za kuanikia dagaa nikakuta kabati la vyombo limehamia katikati ya sebule. Katikati kabisa, chini ya taa. Makochi yamegawanywa mawili huku na mawili kule, na televisheni, kwa kuwa ni nyepesi, imesukumwa mlangoni.

"Baba Queen," nikamwita, maana Queen ndiye kifungua mimba wetu, "hili kabati linafanya nini hapa?"

"Ndicho kitu kizito kuliko vyote," akasema, uso umejaa furaha. "Lilikuwa limeegemea ukuta wa mashariki. Nyumba yote ilikuwa imelala."

"Nyumba ni ya tofali, baba. Haiendi kokote."

"Kwa sasa hivi," akasema.

Nikaenda zangu jikoni. Lakini ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Alhamisi ilikuwa zamu yetu kupokea jumuiya, watu ishirini na kitu wanaokuja kusali nyumba kwa nyumba. Nilikuwa jikoni nachemsha chai niliposikia sauti ya mume wangu, ile sauti ya Kigongo inayoshinda injini: "Njoo, njoo, njoo! Kata kushoto. Kata! Njoo taratibu... simama hapo hapo!" Nikachungulia. Alikuwa amevaa koti la chungwa, anamrudisha kinyumenyume mwenyekiti wa jumuiya mpaka kwenye kona ya kochi. Wanene wote alikuwa amewabana katikati ya sebule bega kwa bega. Wembamba wako kando ya kuta, na akina mama wenye watoto wachanga wako mlangoni ili washuke wa kwanza. Walipofika watu watatu wa mwisho, akafunga mlango na kuwaambia kupitia dirishani: "Kimejaa. Subirini kinachofuata."

Na wakasubiri! Walisali rozari nzima nje, chini ya dirisha, katekista akiwa mmoja wao.

Wageni walipoondoka nilimfokea, sifichi. Mimi nikikasirika jirani wa tatu hufunga mlango. "Hapa si kivukoni!" nikamwambia. "Hapa kuna mwenyewe, na mwenyewe ni mimi. Vitu vyangu usiviguse, wageni wangu usiwapange!" Alirudisha kabati ukutani peke yake, akavua lile koti, akalikunja vizuri, akaenda kukaa kwenye kiti cha plastiki barazani.

Akabaki hapo. Kesho yake yuko hapo. Wiki ikaisha, miezi ikapita, Novemba ikaingia, yuko hapo, ameangalia barabara. Ukimwuliza chakula anasema amekula. Ukimwuliza habari anasema nzuri. Mwanzoni nilifurahi, nyumba imetulia, nikaona dawa imeingia. Kisha siku moja nikapita kwa jirani yetu mzee Luhaga, na hofu ikanishika. Luhaga alikuwa fundi wa mitambo kiwandani, mtu wa kupiga kelele na kubeba vyuma. Alistaafu akaletewa kiti kizuri cha mbao na wanawe, akakaa. Mwaka haukuisha, kile kiti kikammaliza. Sasa anaongozwa kwenda chooni, na miaka yake ni sitini na mbili tu. Nikarudi nyumbani nikamkuta Okech amekaa vile vile alivyokaa Luhaga, mikono juu ya magoti. Nikaogopa kuliko nilivyoogopa ziwani siku yoyote ya dhoruba. Mume wangu alikuwa anahitaji kazi, na mimi niliyemkataza kupanga nyumba sikuwa na nyingine ya kumpa.

Kumbe ilikuwepo, nami nilikuwa naikalia kila wiki.

Sisi akina mama wa dagaa wa Igombe tuna mtumbwi wa mashindano. Jina lake Hatukomi, na jina hilo tumelipata kwa haki, kwa sababu hatujawahi kushinda. Kila Desemba pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, kuna mashindano ya kupiga makasia, na upande wa wanawake ni watu kumi kwa mtumbwi. Mwaka wa kwanza tulikuwa wa tano. Mwaka wa pili tukawa wa tatu. Mwaka jana tulikuwa wa pili nyuma ya wanawake wa Ukerewe, urefu wa mtumbwi mmoja tu ukitutenga, nikakaa siku nne bila kuongea na mtu. Mimi ndiye kapteni. Nilikaa mbele, napiga kasia la kwanza na kuita mwendo. Nyuma kabisa, kwenye usukani, alikaa Odeta, Mjita mmoja ambaye akicheka samaki wanazama. Okech alijua tuna mtumbwi kama mtu anavyojua kuwa kuna mvua Tarime. Hakuwahi kuuona, kwa sababu tulifanya mazoezi siku za katikati ya wiki na yeye alikuwa Kigongo, na tangu astaafu hakutoka barazani.

Jioni ile nikamwambia, "Inuka. Unanisindikiza ufukweni."

"Kufanya nini?"

"Kubeba kasia langu. Bega linaniuma." Bega langu lilikuwa zima kama la ng'ombe.

Alikaa juu ya jiwe, kasia mapajani mpaka nilipolichukua. Tukaenda mpaka kwenye boya na kurudi, tunahema, jasho linatutoka. Tulipofika pwani tukamkuta amesimama ndani ya maji, viatu miguuni, suruali imelowa mpaka magotini.

"Nani amewapanga nyie?" akauliza.

"Shikamoo shemeji," akasema Akelo, mtoto wa dada yangu, ambaye kwa kweli Okech ni baba yake mdogo lakini mtumbwini alikuwa ameshazoea kusema kama wenzake wanavyosema.

"Marahaba. Nimeuliza, nani amewapanga?"

"Tunakaa tu tunavyotaka," nikasema.

Uuu! Ungemwona. Alishika kichwa kwa mikono miwili. "Chombo kimelala kushoto tangu mnaondoka! Mama Queen uko mbele, pua inachimba maji. Odeta yuko nyuma, na nyuma nako kunachimba. Mnapanda na kushuka kama mtoto kwenye bembea. Nguvu zenu zote mnazimaliza kwenda juu na chini. Mbele mnaenda saa ngapi?"

Tukatazamana. Kwa miaka mitatu tulikuwa tunalaumu makasia, tunalaumu upepo, mwaka mmoja tuliwalaumu wachawi wa Ukerewe. Odeta akasema, "Shemeji, basi tupange wewe." Na pale pale, mbele ya macho yangu, mwanaume aliyekuwa hataki ugali akaniambia anasikia njaa.

Sasa, laiti angetupanga kwa macho kama alivyofanya kwa malori. Lakini alituheshimu sana, na hapo ndipo alipoharibu. Alisema kwamba mtu si gari, hana matairi, kwa hiyo ni lazima apimwe kwa haki. Kesho yake jioni tukamkuta kwenye mwalo wetu wa Igombe, pale mitumbwi inaposhusha samaki, kando ya ule mzani mkubwa wa kupimia magunia ya dagaa, amevaa koti lake la chungwa lililopigwa pasi. Wavuvi walikuwa wanashusha mizigo, wachuuzi wamejaa, ndiyo saa ya watu wengi kuliko zote.

"Mmoja mmoja," akasema. "Mficha uchi hazai."

Akelo akapanda. "Arobaini na nane!" Okech akatangaza kwa sauti ile ya Kigongo, inayotoka ng'ambo mpaka ng'ambo. Wavuvi wakageuka. Odeta akapanda akicheka, hajui. "Themanini na mbili!" Mvuvi mmoja akauliza bei ya kilo. Odeta akaacha kucheka. "Shemeji," akasema, "mimi si sangara."

Nikamwashiria aache. Hakuniona. Okech akiwa na mzigo mbele yake haoni mke. Aliyefuata ni Justa, mwanamke wa Kihaya, mtu mstaarabu, anayevaa kitenge kilichopigwa pasi hata kuja kuanika dagaa. Alipanda taratibu, macho mbele, kama anayepanda kupokea komunyo.

"Tisini na tatu!" akapaza sauti mume wangu, kwa furaha kubwa, kama mtu aliyekuwa anasubiri lori hilo wiki nzima. "Huyu ndiye! Huyu ndiye!"

Mwalo mzima ulipasuka kwa kicheko. Justa alishuka, akakunja kitenge chake, akaondoka. Jioni ile hakuja kwenye mtumbwi, wala kesho yake. Siku ya tatu akatuma salamu kwamba tutafute mwingine, na mashindano yalikuwa yamebaki siku kumi na sita. Ukitaka kujua uzito wangu mimi, samahani, zamu yangu haikufika.

Wenzangu walikuja juu. "Mama Queen, mrudishe mumeo barazani," wakaniambia. Nilijua barazani kuna nini. Nilimwendea nikiwa nimejiandaa kufoka, lakini nilimkuta anazunguka uani, na alichoniambia ni, "Nimemwaibisha mama wa watu. Nimfanyeje?"

"Umwombe radhi."

"Nimwombe radhi wapi?"

"Ulipomwaibisha ni wapi?"

Alitafakari kidogo tu. Jioni ile ile, saa ya watu wengi, alikwenda kwa Justa akamsihi aje mwaloni mara moja tu, na mimi nikamsaidia kusihi. Justa alikuja, uso umefungwa. Okech akavua viatu, akavua koti, akapanda mwenyewe juu ya ule mzani.

"Soma, mama," akamwambia Justa. "Soma kwa sauti. Wasikie mpaka Kayenze."

Watu wakaanza kukusanyika na kupiga makofi. Justa akainama kwenye mshale. Alikuwa tayari kulipiza, nilimwona, kifua kimeshajaa pumzi. Kisha ile pumzi ikamtoka polepole.

"Hamsini na nane," akasema, kwa sauti ya kawaida.

Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale. Mwezi wa tano, alipokwenda kupimwa kabla ya kustaafu, alikuwa kilo sabini na moja. Karatasi niliisoma mimi mwenyewe. Kilo kumi na tatu zilikuwa zimetoka kwa mume wangu, ndani ya nyumba yangu, mbele ya sahani zangu, na mimi nilikuwa nikifurahi kwamba ametulia. Niliumia, jamani. Niliona aibu kubwa kuliko ile aliyoipata Justa.

Justa alimtazama juu mpaka chini. "Shemeji," akamwuliza, "kwani wewe huli?"

"Nilikuwa sijasikia njaa," akasema Okech. "Sasa nasikia."

"Basi shuka hapo kabla upepo haujakuchukua." Akachukua kasia lake lililobaki pale na yetu. "Na wewe Rozina unacheka nini na machozi yako? Twende, jua linazama."

Tangu siku ile siku zake zikajaa. Asubuhi alikwenda na mimi kwenye chanja, si kupanga, bali kugeuza dagaa ninavyomwelekeza. Mchana alikaa na kipande cha mbao amechora mtumbwi kwa mkaa, akiweka mawe kumi juu yake, anayahamisha, anayarudisha. Alikula sahani mbili. Jioni alikuwa ufukweni nusu saa kabla yetu. Siku ya tatu alikuja na mpango kamili, akatusimamisha mchangani kwa mistari kama tulivyotakiwa kukaa: mmoja mbele, mmoja nyuma, wanne kila upande. Odeta alibaki kwenye usukani, lakini mwembamba mmoja akaletwa mbele yake ili nyuma kupate nafuu. Mbele akamweka Akelo.

"Na mimi?" nikauliza.

"Katikati. Wewe na Justa, sambamba."

"Mbele ni kwangu. Miaka mitatu mbele ni kwangu, mimi ndiye kapteni."

"Mbele naweka baiskeli na pikipiki," akasema, bila hofu yoyote. "Lori la saruji naliweka katikati."

Hata Odeta hakucheka.

"Umeniitaje?"

"Lori," akasema Okech. "La saruji."

Siku ile nilipika bila chumvi. Kesho yake pia. Alikula yote na kuomba nyongeza, akaniudhi zaidi. Siyo kwamba nilikasirikia neno. Mimi naujua mwili wangu, tumeishi pamoja. Niliumia kwa sababu pale mbele ndipo palikuwa pahali pangu. Kutwa nzima mimi ni wa chumvi na magunia na wateja wanaodai punguzo, lakini saa kumi na moja jioni nikikaa mbele ya Hatukomi, ziwa lote liko wazi mbele yangu na hakuna mgongo wa mtu. Nikamweleza hivyo hivyo usiku tukila. Akaacha kijiko.

"Hata mimi nilisimama mbele miaka thelathini na nne," akasema. "Najua panavyokuwa. Ukitoka hapo unajiona hupo." Kisha akasema, "Mama Queen, sikupangi kwa sababu nakupenda au sikupendi. Chombo kinakaa juu ya kile kilicho katikati. Pua ni ya kupasua maji tu. Nambie jambo moja: unataka kukaa mbele, au unataka kufika mbele?"

"Na mwendo ataita nani?"

"Wewe. Sauti yako inasikika Sengerema. Itoe hapo hapo katikati."

Nikakubali kwa shingo upande. Jioni iliyofuata tulijaribu, na nisiwadanganye, mapigo kumi ya kwanza nilimtazama Akelo mgongoni kwa wivu mweusi. Yule mtoto ni wembamba wa reli. Lakini treni inapita! Pigo la kumi na moja nikahisi kitu ambacho sijawahi kuhisi katika mtumbwi ule. Ulinyooka. Haukupanda wala haukushuka, uliteleza tu, maji yakaanza kuimba pembeni. Nikasahau kukasirika. Nikapiga kelele kama mtoto.

Desemba ikafika. Mwaloni ulifurika watu, ngoma za Kisukuma huku, spika za muziki kule, watu wamepanda juu ya mapaa ya vibanda. Mitumbwi sita. Wanawake wa Ukerewe wamevaa fulana za njano, kapteni wao mama mmoja mrefu kutoka Nansio ambaye mikono yake peke yake inatisha. Okech alitupandisha mmoja mmoja, koti lake la chungwa limefungwa mpaka shingoni. Alinishika mkono wakati nakanyaga ubao, akaubana kwa nguvu, akachelewa kuuachia. Nilijua kwa nini. Asubuhi nilimsikia akimwambia Mungu bafuni kwamba wakishindwa hawa, hakuna atakayemwita tena.

Filimbi ikalia.

Mama weee! Tuliondoka vibaya. Akelo aliogopa kelele, kasia likateleza, tukawa wa nne kabla hata ya kutoka kwenye kivuli cha vibanda. Nikaanza kuita: "Ya kwanza! Ya pili! Vuta!" Justa kando yangu alikuwa anavuta kama anang'oa muhogo. Tukampita mmoja. Maji yananipiga usoni, sioni boya, naona migongo tu, na ajabu ni kwamba sikuhitaji kuona; niliusikia mtumbwi wote chini ya makalio yangu, kila kasia, nani amechoka, nani amechelewa. "Kulia ongeza! Akelo, usitazame watu, vuta!" Kwenye boya tulikuwa wa tatu. Odeta alilikata lile boya karibu mpaka likatugusa, tukatoka wa pili. Fulana za njano ziko mbele, urefu wa mtumbwi na nusu.

Ndipo mawimbi yakaja. Boti moja ya watazamaji ilikuwa imejisogeza kuona vizuri, ikageuka, na mkondo wake ukatujia ubavuni. Nikauona unapiga mtumbwi wa Ukerewe: pua juu, nyuma chini, mama yule mrefu ameinuliwa hewani kasia lake halipati maji. Nikasema moyoni, sasa sisi. Wimbi likafika. Hatukomi akainama kidogo kulia, akainama kidogo kushoto, akatulia juu yangu mimi na Justa. Hatukupoteza hata pigo moja.

"Lori la saruji!" Justa akapiga kelele, yule mstaarabu, mate yanamtoka.

"Vuta!" nikapiga kelele. "Vuta, vuta, vuta!"

Sikumbuki mita mia za mwisho. Nakumbuka kwamba rangi ya njano ilikuwa mbele, kisha ilikuwa pembeni, kisha haikuwepo. Nakumbuka ufukwe wote umeinuka. Tulishinda kwa nusu mtumbwi! Sisi, akina mama wa Igombe, wanuka dagaa, tulishinda!

Na hapo tukataka kujiua wenyewe, maana wanawake kumi walisimama kwa wakati mmoja ndani ya mtumbwi mwembamba ili warukeruke. Okech alikuwa ameshaingia majini mpaka kifuani. "Kaeni!" akapiga kelele, na watu wa Mwaloni wote, nadhani hata walioko kwenye mapaa, wakakaa. "Hakuna kushuka bila kuambiwa! Akelo kwanza. Njoo, njoo. Wawili wa kulia na wawili wa kushoto, pamoja. Justa, tulia mama, wewe ni wa mwisho na Mama Queen." Alitushikilia mtumbwi kwa mabega yake, macho yanapita mtu hadi mtu, mashavu yamejaa, hasikii ngoma wala spika.

Mtumbwi wa Ukerewe ukaja kando yetu. Yule kapteni wao mrefu akaruka majini, akampita mwamuzi, akampita mpiga picha, akaja moja kwa moja mpaka kwa mume wangu.

"Shikamoo mzee. Nimeambiwa wewe ndiye uliyewapanga hawa. Wanasema umestaafu, unakaa tu nyumbani. Njoo Nansio utupange na sisi."

Okech hakugeuka. Alikuwa amemshika Justa kiwiko, anamtafutia pa kukanyaga.

"Subiri kidogo, mama," akasema. "Nipo kazini."

Yule mama akasubiri.